Kilo Arobaini na Tatu

Ndahiro ndiye mpimaji wa kiwanja kidogo cha ndege kwenye milima iliyo juu ya Uvira. Ndege haiondoki mpaka kila mtu na kila mfuko vimepanda kwenye mizani yake. Watu wakibisha, huwajibu kwa ukali: ndege ina injini mbili, na moja ikizima wakati wa kuruka, ile iliyobaki lazima iweze kuivusha mlima peke yake. Uzito ukizidi, haitaweza.

Mwaka juzi mama yake, Abigaïl, aliugua sana, ikabidi ashushwe kwa ndege hadi hospitali ya Uvira. Mchana ule jua lilikuwa kali, na joto huipunguzia ndege nguvu. Mizigo yote ilikuwa imeshaondolewa, na bado uzito ulizidi kwa kilo arobaini. Ndani walibaki wagonjwa tu. Rubani akamwambia Ndahiro achague mmoja wa kushuka. Angemshushaje mama wa mwenzake, wake akabaki amekaa?

"Minye nitangoja ya kesho, mutoto wangu," Abigaïl akasema, akamshika mkono, akashuka. Alikuwa na kilo arobaini na tatu.

Ndege ikaruka, injini zote mbili zikilia vizuri mpaka Uvira. Ile ya kesho yake ilimkuta Abigaïl ameshakufa.

Ndahiro bado anapima, na ukali wake ni uleule. Lakini kila ndege inaporuka husimama akiisikiliza, na moyoni, Mungu amsamehe, hutamani injini moja izime, mara moja tu, ajue kwamba mama yake hakushuka bure.