Halima Aliomba Wimbo

Mwanangu, leo tena umenionyesha ubao wako wa pedali za gitaa. Umezipanga upya, na wimbo bado sijausikia. Nimechoka! Kaa chini. Nakumbuka siku moja hapa hapa Isiolo, miaka ya sabini ikielekea kwisha.

Niliacha shule mapema, nikazurura hadi Nanyuki na Nairobi, nikifungua kila redio niliyoikuta nione ndani kuna nini. Nikarudi na gitaa la umeme, amplifaya ya kutumia betri ya gari, na pedali tatu za kukanyaga ili kubadili sauti: moja ya kuikwaruza, moja ya kuitetemesha, moja ya mwangwi. Dada yangu Halima alikuwa anaolewa Merti. Aliniomba kitu kimoja tu: nimpigie wimbo ambao marehemu mama alitubembelezea, kabla hajapanda lori la kumpeleka huko.

Wiki nzima nikahangaika na ubao. Mwangwi uje mbele au nyuma? Nikachora, nikafuta, nikatoboa. Mwishowe nikakaza kila pedali kwa skrubu, imara kama nguzo ya boma. Wimbo wenyewe sikuujaribu hata mara moja. Mchagua jembe si mkulima, lakini nani angeniambia mimi?

Siku ikafika. Nikakanyaga pedali: kimya. Betri ya mwangwi ilikuwa imekufa, nayo hukaa tumboni mwa pedali, na tumbo nimelikandamiza juu ya ubao! Nikashika bisibisi.

"Kaka, chomeka gitaa moja kwa moja," Halima akasema. "Achana na hivyo vitu."

"Ngoja. Bila mwangwi sauti haitakuwa tamu."

Dereva akapiga honi. "Wewe fundi, Merti haitakuja hapa yenyewe!"

"Ngoja kidogo!"

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Halima akapanda, leso usoni. "Niliomba wimbo," akasema kutoka juu. "Ubao sikuomba."

Nilipomaliza, gitaa lililia vizuri ajabu. Waliosikia ni mbuzi wa jirani.

Basi nisikie, maana sirudii. Piga wimbo kwa gitaa tupu mpaka uuweze. Wenyewe utakuambia unataka pedali gani. Usikaze skrubu, funga kwa mpira wa tyubu, ufungue upesi. Na mtu akikuomba wimbo, mpigie angali yupo.

Mungu akupe vidole vyepesi, na uwapendao asiwaondoe kabla hujapiga.