Siku Nilipokosoa Hoja ya Wakwe

Kusema kweli hata leo nikikutana na mtu wa Sakania ninaona haya, na mtanicheka, lakini afadhali mnicheke ninyi kuliko kuisikia kwa mdogo wangu Clarisse, maana yeye anaisimulia vibaya zaidi.

Wiki ile nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kazi kwenye kampuni moja ya migodi, na katika mtihani huo kuna maswali ya kufikiri: wanakupa hoja, wewe unaonyesha kosa liko wapi. Kwa mfano, fulani alianza kunywa chai ya tangawizi, mwezi uliofuata akapandishwa cheo, kwa hiyo tangawizi inapandisha cheo. Nilikesha na maswali hayo mpaka nikawa kero nyumbani, hata padri akihubiri mimi nahesabu makosa (Mungu anisamehe).

Sasa Jumapili, wakwe wakaja kwetu Katuba kumposa Clarisse. Msemaji wao alikuwa Papa Donat, baba mkubwa wa kijana, mzee mpole aliyetoka Sakania siku iliyotangulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kupitisha soda, basi. Papa Donat akasimama akasema, “Tangu mutoto yetu alijuana na Clarisse, alipata kazi, na malaria yake iliisha. Njo maana tunajua huyu binti iko na baraka.”

Baba yangu anatabasamu, mama anafuta machozi, na mimi, badala ya kuendelea na sinia langu, nikafungua mdomo.

“Pardon papa, hiyo hoja iko na kosa.”

Papa Donat akasema kwa upole, “Eleza, mama.” Ningeweza kusema nimekosea, lakini nilikuwa nimeulizwa swali ninalolijua, nikaeleza: kazi kijana aliitafuta mwenyewe, malaria iliponywa na dawa, Clarisse hakufanya kitu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya wakwe, na Clarisse yuko nyuma ya pazia anasikia.

Shangazi wa kijana akakunja kikwembe chake cha kitenge vizuri. “Kama yaya yake, dada wa tumbo moja, anasema hana baraka, ye anajua kile anajua.”

“Apana, maman, na hiyo ni kosa ingine,” nikamjibu (ndiyo, nilimjibu), “mi sikusema hana.”

Wakaomba kutoka nje wazungumze kidogo. Baba hakuniangalia, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza. Nilibaki nimeshika sinia, nafikiria jinsi nilivyovunja ndoa ya mdogo wangu kwa ajili ya tangawizi.

Waliporudi, Papa Donat akasimama mbele yangu. Kumbe alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote. “Binti, kweli, hoja yangu ilikuwa na kosa. Lakini hoja kuwa na kosa haionyeshe kama kile nilisema ni uongo. Clarisse anaweza kuwa baraka hata kama miye sikujua kuonyesha. Hiyo hawakukufundisha?”

Walikuwa wamenifundisha, ila swali hilo ndilo nililokuwa nalikosa wiki nzima. Shangazi akaanza kucheka, kisha wote, hata baba, nami nikapiga magoti nikaomba msamaha na nikatozwa jogoo.

Mtihani nilifaulu, kazi nikapata. Clarisse aliolewa, lakini alikaa majuma matatu bila kusema nami, na kwenye harusi walipoita ndugu waseme neno, kipaza sauti kilitoka kwa kaka yangu kikanipita mimi moja kwa moja mpaka kwa binamu ambaye ana kigugumizi.

Nikaapa palepale: mtu akimsifia ndugu yangu, hata kama hoja yake imepinda kama msumari uliong'olewa, mimi nitapiga makofi, na nikimaliza nitaenda jikoni.