Simu ya Luti Nyumbani kwa Afande

Jamani, aibu niliyoipata mimi Hasani nyumbani kwa baba yake Salama, msichana ninayempenda, hata leo nikiikumbuka nikiwa naoga, naacha kujimwagia maji, nasimama tu nimeshika kichwa. Nilitaka niinyamazie mpaka kaburini, lakini kwa vile Sula ameshaitangaza Mengo nzima (na katika masimulizi yake yeye ndiye shujaa), afadhali mnisikie mwenyewe, ili mkicheka mcheke ukweli.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnubi wa Makindye, natengeneza simu kwenye kibanda pale Mengo, na Sula ni Muganda tunayegawana naye meza hiyo moja, yeye vioo na chaji, mimi mambo ya ndani. Mambo ya ndani maana yake ni ruti. Kwa wasiojua, simu ukiinunua dukani wewe ni mpangaji tu, kampuni ndiye mwenye nyumba, na kuna milango hakupi ufunguo wake. Ukiitia ruti unapata funguo zote, unafuta takataka walizokujazia, unaiamrisha unavyotaka. Shida ni moja: kampuni ikileta apdeti, yaani programu zao mpya, ruti inapotea, isipokuwa ufuate utaratibu. Unaacha apdeti ijijenge pembeni, ikimaliza ikakwambia "washa upya" unakataa, kwanza unafungua programu ya ruti unaipandikiza upande ule mpya, unasubiri imalize kuandika, ndipo unawasha. Ukiikata katikati, umekwisha. Nimewafanyia watu kazi hiyo mara nyingi mno bila simu hata moja kunifia, na nadhani kiburi changu kilianzia hapo.

Sasa Jumamosi ya aibu hiyo ndiyo niliyopangiwa na Afande Drani, baba yake Salama, niende nijitambulishe. Afande ni polisi mstaafu, mtu wa Arua, anakaa upande wa Nakawa, na Salama alikuwa amenionya mara tatu: "Baba akikukataa siku ya kwanza, harudii. Yule aliyetangulia alikataliwa kwa sababu aliingia amevaa kofia ya jua." Miaka miwili tunapendana, na yote yamewekwa juu ya saa moja ya chai! Asubuhi kanzu nimeshaipiga pasi, viatu vinang'aa na bado navisugua, mara simu inanijulisha kwamba apdeti iko tayari. Mtu mwenye akili angesema baadaye. Mimi nikasema aa, ni dakika ishirini tu, tena itanituliza roho. Nikabonyeza.

Mtandao wa Makindye siku hiyo ulikuwa unatambaa. Tukapanda boda apdeti haijafika hata nusu, mimi na Sula (kwa sababu ukweni mtu hajisemei mwenyewe, na mjomba wangu alikuwa safarini, nikaona Sula atatosha kuwa msemaji, Mungu anisamehe), tukafika Nakawa bado inajijenga mfukoni, ya moto mpaka naisikia pajani.

Tukakaribishwa vizuri sana. Afande alikuwa kwenye kiti chake chini ya picha zake za gwaride, suti ya kaunda, mgongo wima. Mama Salama akatuletea chai na mandazi. Salama mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nilikuwa naona vidole vya miguu yake tu. Sula akaanza kunisifu, Afande anatikisa kichwa, mambo yanakwenda, na hapo hapo simu ikatetemeka mfukoni. Apdeti imeisha. Na hizi apdeti ukizinyamazia zinajiwasha zenyewe, ruti inakwenda na maji. Nikaitoa polepole, nikaiweka kwenye goti, nikafungua programu ya ruti, nikabonyeza pandikiza. Ikaanza kuandika. Mimi macho kwenye goti, roho kwenye goti, ukweni nimebaki kanzu tu.

"Huyu kijana anatazama nini?" Afande akauliza. "Amekuja kuona simu ama amekuja kuona sisi?"

Sula, kwa nia njema kabisa, akanitetea. "Hapana sumbuka, Afande. Simu yake iko na luti. Sasa ye naogopa luti itapotea."

Afande akaweka kikombe chini. "Iko na nini?"

"Luti, ssebo," akajibu kwa heshima zote za Kiganda. "Ni simu ya luti."

Hapa lazima niwasimamishe kidogo. Sula ni kama Waganda wengi, r ikikaa mwanzo wa neno kwake ni l, rangi ni langi, risiti ni lisiti. Na luti, kwa mtu wa umri wa Afande Drani, katika Uganda hii ina maana moja tu, uporaji: zile siku za vita, milango ya maduka imevunjwa, watu wanakimbia na magodoro na friji za wenyewe kichwani. Afande amekula mshahara wa serikali miaka na miaka kwa kukamata watu wa luti. Sula hakujua, mimi sikusikia.

"Na hiyo luti mnafanyia wapi?" Sauti ya Afande ilikuwa imekuwa ya upole (Salama aliniambia baadaye kwamba upole huo ndio wa kuogopa).

"Mengo, ssebo. Iko na kibanda yetu pale. Wiki hii tu tumeluti simu tano."

"Tano. Na wenyewe wanajua?"

"Wenyewe si ndo naleta!" Sula akacheka, anafurahi kwamba mzee anapenda biashara. "Hata polisi naleta, Afande. Tena wao hapendi kungoja."

"Polisi."

"Eee. Lakini kazi kubwa ni kuficha. Benki ikijua simu yako iko na luti, nakatalia wewe. Sasa Hasani ndo fundi ya kuficha. Akificha yeye, benki haionangi kitu."

Afande akanigeukia. "Hasani. Ni kweli anayosema huyu?"

Nilichosikia mimi ni jina langu. Skrini ilikuwa inaandika, imebaki kidogo sana, na nikajibu bila kuinua kichwa, kwa ile sauti ninayowapa wateja: "Ni kweli, Afande. Lakini mimi natumia uangalifu. Tangu nianze sijashikwa na tatizo hata siku moja."

"SIMAMA!"

Ndugu zangu, mtu aliyefundisha makuruta gwaride akisema simama, unasimama na viungo vyako vyote. Nikasimama mimi, na kidole gumba changu nacho kikasimama, moja kwa moja juu ya "washa upya". Ruti ilikuwa imeingia nusu.

Skrini ikawa nyeusi. Kisha yakatokea yale maandishi ambayo kila simu iliyofunguliwa kufuli la kampuni huyaonyesha ikiwaka, mimi nimeyazoea hata siyaoni tena, lakini Afande alikuwa ameshafika karibu na miwani ameshavaa. Akayasoma kwa Kiingereza, neno moja moja, halafu akamtafsiria mkewe.

"Mama Salama, simu yenyewe inasema kwamba haiaminiki."

"Simu inasema?"

"Inasema yenyewe. Mimi sijauliza kitu." Akaninyooshea mkono. "Risiti ya hii simu iko wapi?"

"Nimeipiga picha, Afande. Iko ndani ya simu."

"Lisiti iko ndani ya simu, ssebo," Sula akasaidia.

Simu ikajaribu kuwaka, ikashindwa, ikajaribu tena, kila mara inaimba kale kawimbo kake ka kuwaka. Mwisho ikaniletea machaguo mawili: jaribu tena, au futa kila kitu. Nikawa nashuka na kitufe cha sauti ili niyaone vizuri, alama imefika kwenye "futa", na ndipo Afande akasema, "Lete hapa hicho kizibiti," akaikamata kwa mkono wake wote, mkono wa polisi, vitufe vyote vikaingia kwa pamoja. Tulipoangalia tena, simu ilikuwa inatuambia "Karibu! Chagua lugha," kama imetoka kiwandani asubuhi ile.

"Sasa imefuta na ushahidi," akasema Afande.

Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Nikamwangalia Sula, nikamwangalia Afande, neno luti likanirudia lote na yale niliyoyakubali kwa mdomo wangu. Nikaona nieleze haraka, tena kwa Kiswahili safi ili hata Mama Salama aelewe.

"Si luti, Afande! Ni ruti! Ni Kiingereza tu, maana yake ni mzizi!"

"Mzizi?" akasema Mama Salama.

"Mzizi, mama," nikasema, nikidhani naokoka. "Ni mzizi tunaopandikiza ndani ya simu. Mwenye simu haoni kitu kwa nje, lakini ndani kila kitu kinatii. Hata ya Salama nimeitia."

Mtu mzima, Mwafrika, nimesimama sebuleni kwa mwanamke, namwambia kwamba nimemtilia binti yake mzizi! Sinia lilianguka, mandazi yakabingirika mpaka chini ya kiti cha Afande.

"Ndiyo maana!" Mama Salama akapiga makofi. "Ndiyo maana huyu mtoto nachekanga peke yake na simu! Baba Salama, si nilikwambia? Mapenzi ya namna ile si ya bure!"

Pazia likafunguka. Salama alitoka anacheka mpaka machozi, hawezi kusema, amejishika kwenye mlango, na mimi kwa kweli nilimchukia kwa muda kidogo. Alipopata pumzi akamwambia babake, "Baba, ile simu yako iliyokuwa inafungua matangazo ya kubeti ukiwa msikitini, nani aliitengeneza?"

"Fundi wako."

"Fundi ndiye huyu. Aliitia ruti, akatoa yale matangazo. Ruti, Baba, si luti. Na si dawa, Mama."

Afande akatoa simu yake mfukoni, akaitazama muda mrefu, akaiweka mezani mbali na chai. Kisha akaketi. Mimi nilibaki nimesimama, sikuwa nimeambiwa niketi.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa nieleze jambo moja. Umekuja kuomba binti yangu, halafu unafungua kazi ya simu kwenye kiti changu. Kwa nini?"

Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata. Simu haikuwa mkononi, sikuwa na pa kutazama ila usoni kwake. "Nilikuogopa, Afande. Tangu asubuhi nakuogopa. Mikono yangu ikiogopa naipa simu, basi. Salama nampenda, na nilijua ukinikataa leo sina siku nyingine."

Alinitazama. "Watu walioniogopa nimekutana nao wengi," akasema. "Waliosema hivyo ni wachache. Keti."

Nikaketi. Hakucheka, wala hakunipa jibu, alisema tu nirudi Jumamosi ijayo na mjomba wangu na risiti ya karatasi. Sula akauliza na yeye aje saa ngapi. Afande akatuonyesha mlango.

Salama alitusindikiza mpaka nje. Nilimwambia kila kitu kimekwenda, picha zake zote, sauti zake zote za miaka miwili, hata ile ya siku aliyougua akanipigia kutoka hospitali, na sauti yangu ikakatika, sioni haya kusema. Nilidhani atalia na yeye.

"Tutapiga nyingine," akasema. "Miaka miwili, Hasani, ukitaka kunieleza jambo zito unatazama chini, unasuguasugua hicho kioo. Leo umemtazama baba yangu machoni ukasema unanipenda. Mimi nilikuwa sijaambiwa hivyo bado."

Ni kweli, basi nikainua macho nikamwambia na yeye.

Jumamosi iliyofuata mjomba, aliyekuwa amesharudi, alikwenda na mimi na ile risiti ya karatasi, na Afande alikubali. Mama Salama bado akinipa chai ananichunguza nakunywa vipi, lakini tutafika. Na mimi nimeweka nadhiri, tena mbele ya mashahidi: nikienda ukweni simu naiacha kibandani kwa Sula, na Sula mwenyewe namwacha hukohuko aichunge.