Mwaka Niliobaki Bila Gari

Mke wangu alipofariki, watu walinitazama usoni wakisubiri nilie, nami nilikuwa nashughulika na viti vya kukodi. Nilijua ni kipi kilichokuwa na mguu uliolegea na nani alikuwa amekikalia. Miezi minane baadaye nilikuwa bado hivyo hivyo. Nilikwenda shuleni, nikafundisha fizikia, nikarudi nyumbani kwangu Kilakala, nikala, nikalala. Mtu akiniuliza hali nilimjibu kwamba namshukuru Mungu, na hapo sikuwa nasema uongo wala kweli.

Tulikuwa na gari dogo la kijani, limepauka upande unaopigwa na jua. Tulilinunua kwa mtu, binti yetu alipoanza darasa la kwanza. Mimi nilitaka kubwa zaidi, mke wangu akasema hilo ndilo linalomtosha miguu. Alijifunzia udereva humo, akagonga mwarobaini mmoja, na bampa likabonyea. Hatukulinyoosha. Wageni wakiuliza, alikuwa anasema mti ndio uliomfuata.

Mwaka wake wa mwisho tulikwenda nalo Dar hospitalini kila baada ya wiki mbili. Wakati wa kurudi hakuweza kukaa wima, kwa hiyo kiti chake tulikilaza nyuma kabisa. Mikese tulisimama kila safari. Hatukununua kitu. Alikuwa amechoka na mtikisiko tu. "Zima injini kidogo," alikuwa akiniambia, macho ameyafumba. Tulikaa hivyo, malori yakitupita. Baada ya mazishi sikukiinua kile kiti. Sikuwa na sababu yoyote, sikukigusa tu.

Fundi wangu ndiye aliyenitajia Landrova.

"Mwalimu, kule Kinole kuna Landrova mia na tisa imelala bandani," alisema. "Mzee mwenyewe amefariki, mjane wake anaiuza. Ni zile za zamani kabisa, bodi haijaguswa."

Alijua ugonjwa wangu. Baba yangu alikuwa dereva wa idara ya kilimo, na Landrova ya aina hiyo ndiyo aliyopandia milima, siku nyingine mimi nikiwa nyuma kati ya magunia ya mbegu. Tangu utotoni nilikuwa nasema nitakuja kuwa na yangu. Mke wangu alinicheka miaka yote. "Nunua," alikuwa anasema, "lakini mimi nitapanda langu."

Niliposikia habari ile nilingoja moyo uruke. Haukuruka. Ila nilikumbuka vizuri kwamba hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, nikajiambia labda nikishakipata, hamu yenyewe itarudi. Kununua Landrova kulimaanisha kuuza gari la kijani. Yote mawili nisingeweza. Wiki ile ile nikatangaza.

Alikuja muuguzi mmoja kutoka Dumila, dada mtulivu asiye na maneno mengi. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaona kiti kilivyolala.

"Hiki kimeharibika?"

"Hapana. Ni kizima."

Akainama, akavuta kishikizo, kiti kikainuka ghafla na kugonga. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisubiri kuumia. Badala yake niliona mende mkavu aliyekuwa amelala chini ya kiti, nikawaza kwamba nilitakiwa kufagia kabla mtu hajaja. Tukakubaliana nitampa jibu Jumapili.

Nikampigia binti yangu, anayefanya kazi Mwanza.

"Baba, unauza gari la mama?"

"Bado sijauza."

"Ukilipata hilo jingine utafurahi?"

"Sijui."

"Basi kaliangalie kwanza," akasema.

Jumamosi asubuhi nikaenda na lile la kijani. Mvua ilikuwa imekatika, na baada ya Mkuyuni nilipanda polepole nikikwepa madimbwi. Mwenye Landrova alikuwa mama wa miaka sabini na kitu. Nilimkuta uani ameinama juu ya mkeka, anatandaza karafuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwalimu? Pole na safari. Iko huko nyuma, kaitazame, mimi sijui kitu."

Banda lilikuwa limejaa magunia ya pilipili manga, na katikati yake Landrova, kijivu, pana, imetulia. Mama alinifuata huku akipangusa mikono kwenye kanga. Alieleza kwamba anachotaka ni banda lake tu, maana mvua zikizidi hana pa kuwekea karafuu. Nilikuwa nimeazima betri kwa fundi. Nikaifunga, nikajaribu mara mbili bila mafanikio, ya tatu injini ikakohoa, ikashika. Nikamwomba niizungushe hadi sokoni na kurudi.

"Twende wote," akasema, akaelekea mlango wa nyuma.

"Mama, njoo ukae mbele."

Akasimama. "Mbele si pangu. Mbele alikaa mgeni, au shehe, au gunia likiwa la maana. Mimi nimepanda humu miaka thelathini, nimekaa nyuma."

"Leo hakuna mgeni."

Alifikiri. Kisha akanipa mkono, nikamsaidia kupanda, akaketi ameshika mtandio chini ya kidevu kama mtu anayepigwa picha. Tukatoka. Klachi ilikuwa nzito na usukani ulihitaji mabega. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi walisogea pembeni, na walipomwona aliyekaa mbele walisimama kabisa.

"Bibi, unakwenda wapi?" mmoja akauliza.

"Siendi popote," akajibu, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

Tulipofika sokoni hakutaka tugeuze. Akaniomba tuendelee hadi pale migomba inapoachana, bonde linapoonekana. Nikasimamisha gari. Alitazama mbele muda mrefu.

"Kumbe alikuwa anaona hivi," akasema.

Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimeshika usukani ule mwembamba, na ndani mlikuwa na harufu ya mafuta na turubai, ile ile ya baba yangu. Hakuna kilichopungua. Nilijipekua kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, sikukuta kitu. Nilichowaza ni kwamba gia ya pili inahitaji kuangaliwa.

Tuliporudi uani nikazima injini. "Mama, sitainunua."

"Ina kasoro?"

"Haina. Nilidhani ningeipenda."

Hakukasirika. Alinitazama kama anayekadiria uzito wa kitu. "Mwenzio yupo?"

"Alifariki. Miezi minane sasa."

"Inna lillahi." Akashusha mtandio, akaurudisha. "Mimi mwaka umepita. Unakula?"

"Nakula."

"Basi."

Aliingia ndani akatoka na nanasi, akaniwekea garini mwenyewe. Kisha akasema, akiwa haniangalii, kwamba na yeye mwezi huu hauzi kwanza. Atatafuta mtu wa kumwendesha Mkuyuni siku za Ijumaa, na karafuu zitakaa chumbani kwake.

Nilishuka mlima nikiamini nimeshaamua: nitabaki na gari la kijani. Lakini kabla sijafika Bigwa nilijua kwamba na hilo si kweli. Nililiendesha vizuri, nikibadilisha gia pale pale ninapobadilisha siku zote, na ilikuwa wazi kwamba kwa miezi minane nilikuwa sifanyi chochote nalo zaidi ya kulilinda, kama askari anayelinda ofisi iliyokwishahama. Jumapili muuguzi alipopiga nikamwambia aje. Alikuja na kaka yake. Nikampa kadi na funguo, nikamweleza mlango wa nyuma kushoto unataka kusukumwa kwa goti. Nilisimama getini mpaka walipokata kona, kisha nikaingia kusahihisha madaftari.

Jioni binti yangu akapiga. "Kwa hiyo sasa una gari gani?"

"Sina."

"Umeuza la mama na hukununua lile?"

"Ndiyo."

"Likizo nitakuja," akasema.

Nikaanza kutembea. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kama dakika arobaini, na miezi ile yote sikuwa na mpango mwingine. Majirani waliuliza kama gari liko gereji. Niliposema nimeuza walinipa pole kwa sauti ile ile ya msibani. Walimu wenzangu walidhani nimefilisika. Sikuwasahihisha.

Asubuhi moja, karibu na daraja dogo, nilikutana na mama mmoja wa mlimani, wale wanaoshuka kwa miguu alfajiri na mabeseni kichwani. Alikuwa na ndizi na magimbi. Mimi nilikuwa nampita, yeye akasimama.

"Baba, siku nyingi silioni gari lenu. Mama hajambo?"

Nilimtazama, nikamkumbuka kwa mbali. Mke wangu alikuwa ananunua kwake kupitia dirishani, mimi nikiwa kwenye usukani natazama saa.

"Alifariki," nikasema.

"Nani?"

"Mke wangu. Yule uliyekuwa unamuuzia."

Aliteremsha beseni kwa mikono miwili, akaketi kwenye ukingo wa daraja. Hakupiga kelele. "Alikuwa ananingoja," akasema. "Nikichelewa kushuka, namkuta yuko hapa kwa miguu, ananingoja. Anasema zangu ndizo tamu."

Hilo sikuwahi kulijua. Miguu yangu ilikuwa imechoka, nikaketi pembeni yake. Wanafunzi wangu walitupita, wakaniamkia, wakaongeza mwendo.

"Mmemzika wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumwelekeza. Nikamtajia barabara, nikamtajia kona ya kwanza, na nilipofika kwenye miti iliyo karibu na kaburi sauti ikanikatika. Yeye akainamisha kichwa, mkono wake juu ya beseni. Baada ya muda sauti ikarudi, nikaendelea kumwelekeza.