Betri Nne za Mama Ng'washi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka na kuona haya kwa pamoja. Nilikuwa bado kijana, fundi redio wa Kagongwa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimefunga kwenye pikipiki kitu nilichoamini kitaigeuza dunia.

Wewe umezaliwa umeukuta mtandao mfukoni, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Vishikwambi vya kwanza nilivyovishika mimi havikuwa na laini. Vilinasa mtandao wa ofisini tu. Ukitoka nje ya geti vinabaki kioo cha kujitazamia. Mradi mmoja wa mifugo ulikuwa navyo pale Mhunze, daktari wa mifugo alikuwa Shinyanga mjini, na ng'ombe, kama unavyojua, hawaugulii ofisini. Ndipo nikapewa kazi ya kuviongezea kifaa kidogo chenye antena, cha kunasa mtandao wa mnara ulio mbali. Nikalehemu waya, nikaunguza kimoja, nikaanza upya. Siku kilipokubali nikiwa katikati ya mbuga, mnara wenyewe hata siuoni, nilipiga kelele peke yangu kama nimefunga goli. We acha tu!

Basi nikatumwa kwa Mama Ng'washi, mjane wa kijiji kimoja mbele ya Mhunze. Mvua zilishanyesha, watu wanalima mashamba ya pamba, na maksai wake mmoja kati ya wawili alikuwa amelala chini tangu jana yake, hali wala hanywi. Alimwita Mhola, yaani salama, kwa upole wake. Bila Mhola jembe lisingevutwa, na shamba lingebaki majani mwaka mzima. Mama alikuwa na chupa mbili za dawa kutoka mnadani, moja ya ndigana kali, nyingine ya ndigana baridi, magonjwa mawili ya kupe, na hakujua amchome ipi. Akikosea, muda wa kujaribu ya pili usingekuwepo. Daktari alitakiwa amwone ng'ombe kwenye kioo changu, aseme. Safari yangu yote ilikuwa hiyo tu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu. Ng'ombe yuko huku nyuma."

"Nakuja, mayu. Ngoja kwanza uone maajabu."

Majirani walishajaa uani, na mimi kichwa kilishavimba. Nikampigia binamu yangu wa Isaka, aliyekuwa na kompyuta kwenye ofisi moja ya bandari kavu. Akatokea! Uso mzima, anacheka, nyuma yake malori yamepanga foleni. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akauliza kama na yule mtu anatuona sisi. Binamu akamjibu kwamba kofia yake imekaa upande, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nikafungua picha za meli, nikafungua za theluji, nikaweka mpira. Nilikuwa na furaha, mwanangu, siwezi kukudanganya. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena mpaka nilipooa.

Mama Ng'washi akanisogelea. "Mwanangu, anza na ng'ombe."

"Bado kidogo tu, mayu."

Na mimi ndiye niliyekiunda kile kifaa! Nilijua fika kwamba kadiri mnara unavyokuwa mbali ndivyo kinavyonyonya betri. Lakini sifa zilishaniziba masikio. Nilipompigia daktari hatimaye, alitokea vizuri, akasema, "Nionyeshe ufizi, halafu ndani ya kope." Nikapiga magoti, nikafungua jicho la Mhola. "Sogeza karibu kidogo," daktari akasema, na kioo kikawa cheusi.

Kijijini hapakuwa na umeme. Betri ya pikipiki yangu ilikufa zamani, nilikuwa naiwasha kwa teke. Kwenda Mhunze kuchaji na kurudi ilikuwa mpaka jioni, na Mhola alishaanza kuhema kwa shida. Uani hakuna aliyecheka tena.

Mama hakunifokea. Aliingia ndani, akatoka na betri nne za redio, zile nene, amezifunga kwenye kitambaa. "Hizi naziweka redioni habari zikisomwa, zikishasomwa nazitoa," alisema. "Nikiona zinachoka, nazianika juani. Zimenifikisha msimu wa pili huu." Akanikabidhi, akanitazama. "Chombo chako kimefika Isaka. Wewe ulitumwa ufike kwa Mhola, na hujafika."

Nilinywea. Lakini mikono ya fundi haisubiri aibu iishe. Nikazipanga zile betri, nikazikaza kwa mpira wa tyubu, nikaunganisha waya. Unajua nini? Betri mpya zingezidisha umeme kidogo. Zile zake, zilizochoka kwa kiasi, zilitoa kile kile kishikwambi kilichotaka.

Kikawaka! Sikumpigia mtu mwingine. Daktari akatazama ndani ya kope, akaona ni manjano, akasema bila kusita, "Ndigana baridi. Ile chupa nyingine iache." Akataja kipimo, Mama mwenyewe akachoma sindano kwa mkono mzoefu. Hazikupita dakika nyingi, betri zikaisha kabisa.

Siku ya nne nilirudi na betri mpya. Nyumbani sikumkuta. Nilimkuta shambani nyuma ya jembe, Mhola na mwenzake wanavuta, udongo unageuka mweusi. "Wabeja, mwanangu!" akanishukuru kwa sauti toka kule, wala hakusimama. Nilishangilia kuliko siku ya mbugani.

Leo mnavyo vishikwambi vinavyokamata mtandao mpaka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji dhahabu kule Geita, na mimi nikiviona bado moyo unanidunda. Vifurahie, mwanangu, nami sitakuambia upunguze furaha. Ila ukitumwa na shida ya mtu, mtangulize huyo mtu. Mpe nguvu yako ikiwa bado imejaa, kisha watu waone maajabu kwa kilichobaki. Na usimdharau mwenye redio ya zamani. Huenda yeye ndiye atakayekuwasha siku umezimika.

Mungu akufikishe mbali kuliko minara yote, mwanangu, na kila utakapofika, akukute bado una chaji.