Herufi Zilizoshiba

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, harufu ya rangi ya mafuta ilipoushinda moshi wa mapishi ya msiba. Nyuma ya nyumba yetu kijijini Nyanungu, Baba mdogo alikuwa amepiga magoti akiandika msalaba wa mama. Nilikuwa darasa la sita. Nilimwona akizungusha penseli kwenye mdomo wa kikombe cha chai, kawaida yake, maana alikuwa mwandika mabango kule mjini Bomani na mwandiko wake ulikuwa mmoja tu: herufi nene, zimevimba kama maandazi, hazina kona hata moja, na vitundu vya O na A vimefinywa kama macho ya mtu anayecheka. Zilifaa chipsi, zilifaa nyama choma. Hata aliye kwenye pikipiki inayokimbia alizisoma. Ni herufi za kuita watu, si za kuwaaga. Lakini ndizo zilizokuwa kwenye SALUNI YA MAMA RHOBI, nyekundu, na mama alikuwa akivuka barabara ili aziangalie tu. "Ona zilivyoshiba," aliniambia. "Sisi tukikonda, Rhobi, jina letu halikondi."

Kwa hiyo msalaba ulipotolewa mbele ya watu ukiwa na MAMA RHOBI yake nyekundu, nilijisikia kama mama ameingia. Vijana wakacheka. Babu akaugonga kwa fimbo.

"Mura, wewe kijana, hapa tunazika au tunafungua baa?"

"Baba, shemeji alizipenda hizi," Baba mdogo akajibu.

"Alikwambia wewe? Futa!"

Kwa heshima ya ukwe, babu hakuwahi kukanyaga saluni ya mkamwana wake wala kupiga naye soga; angejuaje alichopenda? Nikasema, "Ni kweli, babu." Lakini sauti yangu ni ndogo tangu kuzaliwa. Aliyeisikia ni shangazi peke yake, akanibana mkono: "Mtoto haingilii wazee." Baba yangu alikuwa anaangalia udongo. Ikaletwa petroli na kitambaa, jina likachuruzika mpaka majanini, na juu yake zikaandikwa herufi nyeusi, nyembamba kama fito. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama akafukiwa chini ya jina lililokonda.

Sasa niko kidato cha tatu. Bomani mabango yote yanachapwa kwa kompyuta, na herufi nene bado zipo, tena nyingi kuliko zamani, ila kila A ni pacha wa mwenzake na hakuna hata moja iliyopinda kidogo kwa sababu mkono ulichoka. Baba mdogo anaendesha bodaboda. Saluni ni duka la simu. Nikipita pale napita haraka, maana herufi za bango lake zinamchekea kila mtu, na mimi sina wa kuzionyesha.

Lakini mwaka ule, asubuhi iliyofuata maziko, kabla ng'ombe hawajatolewa, nilichukua kaa jikoni nikaenda kaburini. Nikaanza kuinenepesha M ya kwanza. Umande ulikuwa mwingi. Nilipaka, weusi ukateremka na maji, nikapaka tena, ukateremka, hadi kaa likaisha.