Barakoa Aliyoifungia Kabatini

Hlengiwe Mbatha alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na hakuna kilichomkera kama kuambiwa analala kazini. Kwa maoni yake alikuwa anafumba macho tu. Lakini siku moja shahidi alijibu kwa Kizulu, hakimu akangoja tafsiri, na kilichosikika kwenye kipaza sauti kikawa mkoromo.

"Mama Mbatha," hakimu akauliza, "shahidi anasemaje?"

Watu walicheka mpaka askari akawakemea.

Daktari Pillay alimweleza kwamba unene ulikuwa unambana koo akilala. Pumzi inakatika, anashtuka na kuvuta hewa, kisha inakatika tena, hivyo hivyo usiku kucha. Akampa mashine ya kusukuma hewa, yenye bomba refu na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mumewe, Mandlenkosi, aliyekuwa amehamia sebuleni kukimbia mikoromo, alichungulia mlangoni.

"Mke wangu, unakwenda kuzamia baharini?"

"Rudi kwenye kochi lako!"

Hlengiwe alijinyima chakula, akatembea, akapungua, akanenepa tena. Mwisho akakubali upasuaji. Walimkata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakamwachia kijisehemu chembamba kinachojaa kwa vijiko vichache vya supu. Wifi yake, Gcinile, alikuja kumtazama na sufuria ya nyama ya kondoo, akanuna ilipokataliwa. Uzito ulipoporomoka akarudi na maneno mengine.

"Wifi, mimi si mtu baki. Niambie ukweli, unaumwa nini?"

"Nilipokuwa mnene mlisema nitakufa. Nimepungua, mnasema nakufa. Sasa niishi lini, wifi?"

Kupumua kwenyewe kulikuwa raha mpya. Zamani, kwenye ngazi za mahakama, alisimama kila kona akijifanya anatafuta miwani mkobani. Sasa alizipanda moja kwa moja huku anagombana na karani. Mandlenkosi alirudi chumbani bila kuombwa. Hlengiwe akaiona mashine haina kazi tena, akaifungia kabatini, wala hakumuuliza mtu.

Baada ya muda kichwa kikaanza kumuuma kila asubuhi. Kisha siku moja, akiwa anaendesha gari kwenda kazini, alisimama kwenye taa nyekundu, na alichosikia baadaye ni honi za magari nyuma yake. Taa ilikuwa imewaka kijani na kurudi nyekundu. Akasogeza gari pembeni, akampigia mumewe.

"Mandlenkosi, mimi bado nakoroma?"

"Kidogo sana."

"Na pumzi?"

"Inakatika. Si kama zamani, lakini inakatika. Mimi hukaa macho nikingoja irudi."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa umefurahi sana, mama. Nilishindwa."

Alitaka kumtukana, lakini machozi yakamtangulia.

Daktari Pillay alimpima usingizi upya, kisha akavua miwani.

"Nani alikuambia uache mashine?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Ulipaswa kupimwa kwanza. Ugonjwa ulikuwa mkali, sasa umebaki hafifu. Upasuaji umefanya kazi kubwa, ila unene haukuwa sababu pekee. Koo lako ni jembamba kwa maumbile, na umri nao unalilegeza."

"Yaani nimekatwa tumbo bure?"

"Bure? Leo umefikaje huku juu?"

"Kwa ngazi. Lifti yenu mbovu."

"Mwaka jana ungefika?"

Ilimuudhi Hlengiwe kwamba daktari alisema kweli.

Alirudi nyumbani na barakoa ndogo ya puani tu, mashine imepunguzwa nguvu, na miadi ya kupimwa tena. Mandlenkosi alimsaidia kufunga mikanda nyuma ya kichwa.

"Taratibu, unaning'oa nywele!"

"Tulia basi."

"Na pumzi ikinikatika tena, niamshe. Hata kama nimefurahi namna gani. Unasikia?"

"Nimesikia."

Asubuhi kichwa hakikuuma. Hlengiwe alijigusa paji la uso mara mbili, kama anayetafuta sababu ya kulalamika, kisha akaenda jikoni kunywa uji wake, kijiko kwa kijiko.